Maneno Aliyoyazunguka Mama Paulina

Hapa Gendabi wananiita mstaafu, na wakishaniita hivyo hucheka, maana mstaafu gani kichwa chake hakina hata unywele mmoja mweupe. Niliacha uuguzi nikiwa na miaka thelathini na minane. Barua ya kuacha kazi niliiandika mara tisa, si kwa kusitasita, bali kwa sababu kila nakala niliiona ina herufi iliyokaa vibaya. Ninyi mnaokwenda kuanza kazi katika vitengo vya afya ya akili, msinisome kama mzee anayefundisha. Nisomeni kama mtu aliyepita njia hiyo hiyo juzi tu, akamuumiza mama mmoja na mtoto wake mchanga, na mpaka leo hajui kama amesamehewa.

Nianze na kadi, maana ndiyo iliyoniponza. Kadi za wagonjwa za kituo chetu cha afya, ambacho jina lake naliacha, zilichapwa juu kabisa MKOA WA ARUSHA. Mkoa ulipogawanywa tukawa Manyara, kadi mpya hazikuja kwa muda mrefu. Wenzangu walikata neno Arusha kwa kalamu, mkato mmoja wa haraka, wakaendelea na kazi. Mimi nilichukua rula. Nilipiga mistari miwili iliyonyooka juu ya ARUSHA, halafu nikaandika MANYARA kwa herufi kubwa zinazolingana na zile za kiwandani. Kila kadi, kila mgonjwa. Sista Veronika, muuguzi mkuu wetu, alikuwa akisimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai akinitazama.

"Safari," aliniita kwa jina langu siku moja, "kadi imepona. Sasa mtazame mgonjwa."

Foleni yote ilicheka. Na mimi nilicheka, lakini sikuiacha rula.

Sikusomea kazi ile. Nilikuwa muuguzi msaidizi, nikapelekwa semina ya wiki mbili, niliporudi nikakabidhiwa kabati lenye kufuli, meza moja na benchi, nikaambiwa hiki ndicho kitengo cha afya ya akili. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza nilikariri makaratasi ya semina kama mtu anayekwenda kufanya mtihani wa taifa. Niliogopa kuulizwa kitu nisichokijua. Ni hofu niliyoishi nayo tangu utoto: baba yangu alikuwa katekista, alikagua daftari zangu kwa kalamu nyekundu, na hakuwahi kuzungushia kilicho sahihi.

Ndipo nikakipata kitabu. Nilikiona Babati, kwenye mitumba, wakati ule bidhaa za kila aina zilipoanza kumwagika kwenye masoko yetu. Muuza majaketi alikuwa amekiweka juu ya turubai lake lisipeperushwe na upepo. Kilikuwa kitabu kinene cha saikolojia cha Kiingereza, hakina jalada, kimepigiwa mistari na mwanafunzi fulani wa mbali. Yule muuzaji alishangaa mtu kutaka jiwe lake. Ilibidi nimtafutie tofali ndipo akakiachia.

Nilikisoma kwa kamusi misimu miwili ya mvua. Nilichokipata ni hiki, na ninyi mtakisoma vyuoni kwa majina marefu zaidi. Chukua mtu mmoja anayelia bila kukoma. Wapo wataalamu watakaosema tazama mwili kwanza: ubongo, damu, homa, uzazi, kile alichorithi. Wengine watasema tazama tabia: ni nini kilitokea kabla ya kulia, na anapata nini akilia, maana binadamu hurudia kinachomlipa na hukwepa kinachomchapa. Wengine wanachimba chini, kwenye utoto na mambo aliyoyafukia ambayo yeye mwenyewe hayaoni. Wengine watauliza anajiambia nini kichwani, kwa kuwa si tukio linalotufanya tulie bali maana tunayolipatia. Wapo wanaosema mtu ana kiu ya kuheshimiwa na kuwa kile anachoweza kuwa, msikilize bila kumhukumu. Na wapo wa mwisho, wanaosema usimtazame peke yake, tazama watu wake, mila zake, lugha yake na kilichowapata wote.

Niligawa daftari langu katika vichwa hivyo sita: Mwili, Tabia, Kina, Fikra, Utu, Watu Wake. Kitabu kilisema waziwazi kwamba mitazamo hii haifukuzani. Mimi nilitaka mmoja ushinde. Nilitaka jibu moja, safi, ambalo hakuna kalamu nyekundu ingelizungushia. Tena sura ya sita ilikuwa fupi, na niliiruka. Mambo ya watu na mila nilidhani siyahitaji kusoma, nimezaliwa nayo.

Mwanzoni kitabu kilinipa raha. Palikuwa na mzee mmoja wa Nangwa aliyekuja kila Alhamisi, leo mgongo, wiki ijayo goti, wiki nyingine "kitu kinatembea hapa ndani". Hatukumwona na ugonjwa. Nikachunguza, nikagundua kuwa Alhamisi ndiyo siku Sista Veronika alipowapikia chai wanaosubiri. Nilifurahi sana. Nikamweleza Sista habari za tabia na malipo yake, kwamba chai ndiyo inayoleta goti. Nikamwomba asitishe chai wiki tatu tuone. Akasitisha, akiwa amenuna. Mzee akaja Alhamisi zote tatu. Ya tatu alileta chupa yake ya chai na vikombe viwili, kimoja cha jirani yake wa benchi.

"Andika na hiyo," Sista aliniambia.

Aliniambia pia kwamba yule mzee amefiwa na mke, na watoto wake wamekwenda kutafuta maisha Mererani. Alikuwa anakuja kukaa na watu. Chai ilirudishwa.

Sista alikuwa mtu wa Maretadu, mkulima kabla ya kuwa nesi, na hakuwahi kufungua kitabu changu. Kila mgonjwa aliyeletwa amefungwa kamba, au amekaa kimya, alimuuliza maswali matatu: amekula nini, amelala lini, nani amekufa. Kwa hayo matatu niliona akifungua watu ambao mimi na vichwa vyangu sita tulikuwa tumewafunga zaidi. Kijana mmoja aliletwa na kaka zake wanne, wamemfunga mikono kwa ngozi, wanasema amerukwa na akili. Sista akamgusa shingo, akasema huyu anaungua, leteni maji na mpimeni malaria. Baada ya siku chache kijana alikuwa anawatania kaka zake kuhusu mafundo waliyofunga.

Sasa niwaambie nilivyovimba kichwa. Kwetu Wairaqw kuna hali tunayoiita metimani. Nyumba ikipatwa na msiba wa aina fulani, watu wake hujitenga kwa muda. Hawasalimii njiani, hawachoti maji pamoja na wengine, hawaingii kwa jirani, ili baya lililowapata lisiwaguse wengine. Wengi wetu ni Wakristo na si kila nyumba inaishika siku hizi, ila kila mtu anaijua. Mwaka ule alikuja daktari mgeni kutoka pwani kutukagua. Akakutana na baba mmoja aliyefiwa na mtoto, ambaye alikaa mbali na benchi, hakujibu salamu, hakumtazama mtu. Daktari akaandika: sonona, anajitenga, hana ushirikiano.

Nikamwambia mbele ya watu wote, "Daktari, huyu hajatukimbia. Anatulinda."

Nilipomweleza, daktari aliichana kadi yake, akaandika nyingine, akanishukuru. Mtu mzima, msomi, alikubali kosa bila shida. Hilo ndilo nililopaswa kujifunza siku ile. Badala yake nilitembea na sifa hiyo miezi. Niliisimulia kila kikombe cha chai. Anatoka pwani, nilisema, angejuaje?

"Na wewe utatoka pwani siku moja," Sista alinijibu, akaendelea kukunja bandeji zake.

Siku hiyo ilifika kiangazi, Sista akiwa likizo kwao Maretadu. Asubuhi alikuja bwana mmoja Mbarabaig na fimbo yake, mke akimfuata nyuma amebeba mtoto wa kama mwezi mmoja. Mama huyo nitamwita Mama Paulina, kwa jina la binti yake wa kwanza. Jina lake mwenyewe sitaliandika, na mtaona kwa nini. Bwana alijua Kiswahili cha mnadani. Alisema mke wake hali chakula wala halali usiku, analia, na kila asubuhi anambeba mtoto kwenda kwenye shamba kubwa la ngano, lile ambalo serikali ilikuwa inatafuta wa kulinunua, na kwa wakati ule lililimwa na mkodishaji wa msimu mmoja. Huko anazunguka tu kwenye matuta. Madereva wa trekta walikuwa wamemfukuza mara mbili.

Mama alijua Kiswahili cha salamu tu. Kwenye benchi palikuwa na mama mwingine wa Kibarabaig aliyemleta mtoto wa kikohozi. Ningemwomba akae nasi atafsiri. Mgeni yeyote kutoka Dar es Salaam angemwomba. Mimi sikumwomba, kwa sababu mimi ni mtu wa Gendabi. Nimechunga na watoto wa Kibarabaig tangu sijavaa kiatu. Nimetaniwa kwa lugha yao, nimepigana kwa lugha yao. Wazee wao walipenda kuniita niongee ili wacheke. Nilijua Kibarabaig, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Na kwa kuwa kitabu kilisema mgonjwa ahojiwe faragha, nilimtoa mume nje.

Nikamtajia jina langu, nikamuuliza nini kinamsumbua. Alijibu kwa muda mrefu, sauti ya chini, macho sakafuni. Niliyaelewa maneno ya pembeni: asubuhi, nakwenda, mtoto aone. Yale ya katikati yalikuwa si maneno. Alisema kuna "kilichoinuliwa", na kwamba kimefunguliwa, na kwamba "vya kulegea" vikishuka hakitajulikana tena kilipokuwa. Nikamwambia arudie. Akarudia vilevile, polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto.

Juu ya meza palikuwa na kikombe cha maji. Semina ilitufundisha kumpima mgonjwa kwa kumtajisha vitu vya kawaida. Nikamwonyesha maji, nikamuuliza hiki ni nini.

"Vya kulegea," akasema.

Nikalitaja mimi neno la maji kwa Kibarabaig, lile tulilolipiga kelele tukiwa watoto mtoni. Alishtuka kama nimemmwagia. Nikamwambia alitaje. Akatazama mlango. Nikamwambia tena, kwa sauti ya upole niliyoisoma kitabuni, taja tu, usiogope. Mara ya tatu alijifunika mdomo kwa nguo yake, akalia bila sauti. Mtoto mgongoni akalia naye.

Nitawaambia jambo ambalo sikumwambia hata padri. Nilifurahi. Kitabu kilikuwa na ukurasa mzima kuhusu wagonjwa wanaobuni maneno yao wenyewe, na sasa nilikuwa naye mmoja mbele yangu, kamili kama picha. Vichwa vitano vya daftari, ukiacha kile cha sita nilichokiruka, vilikimbia kichwani, na Mwili ukashinda: amejifungua mwezi uliopita, huu ni ule wazimu wa baada ya uzazi. Niliandika kwa mwandiko wangu bora. Maneno yake hayaeleweki. Anabuni maneno. Anakataa kutaja vitu vya kawaida. Halafu, kwa kuwa kitabu kilionya kwamba mama wa namna hiyo anaweza kumdhuru mtoto, nikaongeza: Asiachwe peke yake na mtoto. Hapo nikapiga mistari miwili chini yake, kwa rula.

Nikamchoma sindano ya kutuliza, nikampa bwana na vidonge vya mwezi mmoja.

Walikaa kivulini nje wapate kupumzika. Kabla jua halijafika katikati nilisikia bwana akiniita. Shingo ya Mama Paulina ilikuwa imepinda upande mmoja na haigeuki, macho yamepanda juu, taya limekaza. Ile dawa huwafanya hivyo baadhi ya watu, inajulikana, na kuna dawa ya kuiondoa hali hiyo. Kabatini kwangu ilikuwa imeisha na sikuwa nimeiagiza, mimi ambaye sikuruhusu kadi hata moja iwe na mstari uliopinda. Nilimshika kichwa kwa mikono miwili nikiwa sina la kufanya. Alinisikia nikihema. Alinitazama kwa yale macho yaliyogeuka.

Ilipofika jioni misuli ililegea yenyewe. Lakini bwana alikuwa ameona alichoona. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne. Aliishika kadi, akaisoma taratibu kwa kidole, akafika kwenye ile mistari miwili. Akamfungua mtoto mgongoni mwa mama yake, wakaondoka, yeye na mtoto mbele, mama nyuma.

Sista Veronika alirudi baada ya wiki moja na maharage mapya kwenye kiroba. Nilimwonyesha kadi ile nikitegemea sifa. Aliuliza maswali yake matatu. La chakula nililijibu nusu, la usingizi nusu. La tatu, nani amekufa, sikuwa nimeuliza. Akavaa miwani, akasoma tena.

"Umeandika maneno yake hayaeleweki," alisema. "Nani hakuelewa?"

Nikasema mimi ndiye niliyekuwa naye.

"Basi ungeandika hivyo."

Mwezi ulipokwisha alikuja mke mkubwa wa nyumba ile kuchukua vidonge vya mke mwenzake. Mama mtu mzima, bangili mpaka kwenye kiwiko, na yule mtoto yuko mgongoni mwake. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamuuliza kwa Kibarabaig kama mwenzake bado anabuni maneno. Hakunielewa. Nikachukua kikombe cha maji nimwonyeshe mfano, nikamuuliza, yeye hiki anakiitaje?

"Vya kulegea," alisema mke mkubwa.

Kwa kitambo kidogo, Mungu anisamehe, niliwaza kwamba ugonjwa ule unaambukiza.

Kisha akaniona uso. Alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka, akakaa kwenye benchi. Alinieleza kwa subira. Mwanamke akiolewa kwao, jina la baba mkwe halitamki, wala majina ya wakubwa wa ukoo wa mume. Si jina tu. Kila neno linalofanana na jina hilo nalo huliacha, analizunguka, analitafutia jingine. Majina yao mengi hutokana na wakati mtu alipozaliwa. Babu wa nyumba ile alizaliwa kwenye mvua kubwa, kwa hiyo wake wa nyumba ile hawataji mvua wala maji. Baba mkwe mwenyewe alizaliwa siku za mazishi ya mzee mmoja mkubwa, wakati wanapomjengea lile kaburi la udongo lililopanda juu kama nyumba. Kwa hiyo neno la kaburi hilo nalo hawalitaji. Wanasema "kilichoinuliwa".

Nikamwambia nimekua nao, nimechunga nao, mbona sikuwahi kulisikia hilo.

"Ulichunga na wavulana," alisema. "Wavulana hawana baba mkwe."

Na nikamsikia Mama Paulina upya, neno kwa neno. Baba yake mzazi, mke mkubwa aliongeza, alizikwa kule kwenye tambarare, na kaburi lake liliangukia ndani ya shamba la ngano. Miaka yote trekta zililizunguka. Msimu ule ziliparuza upande mmoja. Alikuwa amemzaa mtoto ambaye babu yake hajamwona, na kila asubuhi alimpeleka waonane kabla mvua haijashuka, kwa kuwa udongo uliofunguliwa ukinyeshewa hutajua tena kilichoinuliwa kilikuwa wapi. Hayo yote Mama Paulina alikuwa ameniambia. Aliniambia kwa ufasaha, na kwa heshima zote alizofundishwa, na mimi nikamwamuru amtukane babu wa nyumba yake mara tatu, aliposhindwa nikamchoma sindano.

Sura ya sita, ile niliyoiruka, ina kurasa kumi na moja. Niliisoma jioni hiyo. Haikuwa na habari za Wabarabaig wala sikuitegemea iwe nazo. Ilikuwa na sentensi moja iliyopigiwa mstari na yule mwanafunzi wa mbali, kwamba mtu huiona mila ya mbali kwa urahisi na ya jirani kwa shida.

Kwa msaada wa Sista vidonge tulivipunguza taratibu mpaka tukavisitisha. Kisha nikaenda nyumbani kwao, peke yangu, na kadi mpya mfukoni. Niliandika ndani yake kwamba mama ni mzima, ana huzuni ya kufiwa, arudishiwe mtoto wake. Bwana alinipokea vizuri, akanipa kigoda. Mama Paulina alikuwa amekaa mlangoni kwake, mikono mitupu mapajani. Mtoto alikuwa upande wa pili wa uwanja kwa mke mkubwa, anapewa maziwa ya ng'ombe.

Nikamwambia bwana nilikosea. Nikampa kadi. Akaisoma kwa kidole, akachomoa na ile ya zamani kutoka kwenye mkoba wa ngozi, akaziweka zote mbili gotini.

"Mwandiko ni mmoja," alisema.

Nikasema ndiyo, zote nimeandika mimi.

"Hii ya kwanza uliandika ukiwa na uhakika?"

"Ndiyo."

"Na hii ya pili?"

Nikasema nina uhakika. Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Akasema mtoto ameshazoea kule, maziwa ya mama yamekwisha kukauka, na yeye ni baba, kama karatasi mbili zinabishana atafuata ile inayomlinda mtoto. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri mno mara ya kwanza. Mistari ile miwili ilikuwa imenyooka sana.

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo na sitawaficha, kuna watu niliwasaidia. Nilijifunza kuagiza dawa kabla haijaisha. Nilijifunza kwamba hata ukiijua lugha, mwite mkalimani, tena wa jinsia na rika la mgonjwa. Mama aliyeolewa atafsiriwe na mama aliyeolewa. Usimtoe nje kila mtu kwa sababu kitabu kimesema faragha, muulize mgonjwa anataka nani akae. Muulize nani amekufa. Na mahali ambapo mkono unataka kuandika "haeleweki", andika "sikuelewa". Ni neno fupi na lina aibu ndani yake, ndiyo maana hatulipendi. Mimi nililiandika mara nyingi kiasi kwamba msimamizi mmoja aliuliza kama kitengo chetu kina muuguzi au hakina. Mwishowe kila nikishika kadi nilianza kuona mistari miwili hata pasipo na kitu. Nikaandika ile barua.

Mwaka jana nilikuwa mnadani Katesh natafuta beberu. Nikamwona mke mkubwa, sasa amezeeka, na nyuma yake msichana mrefu wa kama darasa la saba anayemwita mama. Nilijua ndiye yule mtoto mchanga. Hatua chache pembeni Mama Paulina alikuwa anachagua chumvi ya ng'ombe. Nilimsalimia. Aliitikia vizuri, macho chini, akarudi kwenye chumvi yake. Msichana alimpita kama unavyompita shangazi.

Nilimuuliza mke mkubwa kama mwenzake anaongea siku hizi.

"Anaongea sana," alisema. "Neno moja tu ameliongeza."

Nikauliza neno gani. Akaninyooshea kidevu.

"Hataji safari. Hata mtu akienda Singida, husema ameuacha mlango. Kijana mmoja wa nyumbani ana jina kama lako, yeye humwita kwa jina la mama yake."

Nilimuuliza, kwa kuwa najua kwao jina huzungukwa kwa heshima, kama na hili ni heshima au ni woga. Akashika mkono wa msichana.

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema.

Nilirudi Gendabi bila beberu. Nikalitoa daftari la vichwa sita. Chini ya Mwili nikaandika kwamba labda shingo yake inakumbuka. Chini ya Tabia, kwamba sauti ya jina langu ilikuja pamoja na sindano. Kwenye Kina, hasira isiyo na pa kwenda. Kwenye Fikra, kwamba anaamini nikitajwa nitatokea. Chini ya Utu, kwamba hili ni jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kumlazimisha. Chini ya Watu Wake nikaandika heshima, nikaifuta, nikaiandika tena. Yote yaliingia. Hakuna kilichoshinda.

Chini kabisa ya ukurasa nikaandika sikuelewa, kwa mkono tu. Rula ilikuwepo mezani, sikuishika.